Mpiga Kura Aliyejibu Vilevile Kila Mara

Vijana wangu, mmenikalia kooni. Kila nikipita pale duka la simu mnakoshinda mkibishana, lazima mmoja anidake: "Mama Tatu, wewe ulifanya kazi hiyo. Hizi tabiri zinazotolewa kabla Wamarekani hawajachuja wagombea urais, ni za kuaminika au ni ramli tu?" Na mimi nacheka, nasema nina haraka, nina dagaa jikoni. Leo dagaa wameshaiva. Kaeni.

Kwa wale ambao hamnijui vizuri, kabla ya kustaafu nilikuwa msikilizaji. Msicheke, ilikuwa kazi ya kulipwa. Ofisi yetu ya simu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, hapahapa mjini Durban, mwendo mfupi tu kutoka kwangu Albert Park. Humo ndani mlikuwa na meza moja ndefu ya Kiswahili. Wahojaji wetu walipiga simu Marekani, kwa watu wa kwetu waliohamia kule wakapata uraia na kura: Wakongo wengi, Warundi, Watanzania wachache. Mimi nilikaa nyuma ya wote na hedifoni yangu. Naingia kwenye laini yoyote, nasikia pande zote mbili, na hakuna anayenisikia. Kama swali limesomwa vibaya naandika, kama mhojaji amekiuka utaratibu nabonyeza kitufe, simu inakatika. Kuongea siwezi, hata nikitaka. Wenzangu waliniita Jini. Wakisikia ule mkwaruzo mdogo kwenye hedifoni, wanaambiana kwa macho kwamba Jini kaingia.

Namba zilipigwa na mashine. Mhojaji hakuiona namba wala jina, aliona tarakimu za faili. Na mhojiwa naye hakujua anaongea na nani, maana kila mhojaji alipewa jina la kazi. Watu walikuwa walewale, wanapigiwa kwa awamu, na kila mmoja alirudishiwa mhojaji wake wa mwanzo ili asione ugeni. Sasa, sisi watu wa Maziwa Makuu ni wachache, na vita vimetutawanya kila pembe, kwa hiyo kukutana na unayemjua halikuwa jambo la ajabu. Sheria ilikuwa kali. Ukimtambua mtu, unamwambia msimamizi, naye anafutwa kwenye utafiti, hapigiwi tena. Ukijitaja kwake, unachukua mkoba wako unakwenda nyumbani.

Haya, mchujo wa wazi. Kuna majimbo kule ambako kumchagua mgombea wa chama ni lazima uwe umeandikishwa kwenye chama hicho. Kuna mengine mlango uko wazi kwa wote: huna chama unaingia, una chama kile unaingia kuchagua wa hiki, unaamua palepale mlangoni unachukua karatasi ya upande gani. Jimbo tulilokuwa tunalipigia simu lilikuwa la namna hiyo. Jina lake sitalitaja, niliweka saini. Utamtabiria nini mtu ambaye mwenyewe hajui atasimama foleni ipi? Tulikuwa na bwana mmoja wa Goma, fundi magari, kila akipigiwa anacheka. Awamu ya kwanza akasema ataingia kwa wale wengine amchague aliye dhaifu kabisa, ili mtu wake apite kirahisi baadaye. Awamu ya pili akasema, jamani, yule dhaifu nimemsikiliza redioni, kumbe ana maneno! Ameshampenda. Mwandike huyo.

Na matatizo mengine tulikuja nayo wenyewe. La kwanza lilikuwa adabu. Salamu peke yake zilikula nusu ya mahojiano, kwanza wewe, halafu watoto, halafu baridi ya kule. Kisha mama mtu mzima anakuuliza kwa Kiswahili kizuri kama utakwenda kupiga kura. Utamjibu nini zaidi ya "Ndiyo, mama"? Siku hiyo una zamu kiwandani tangu alfajiri, gari huna, mtoto anaumwa, lakini mama kauliza. Mashine haikujua heshima ni nini. Ilihesabu kila "ndiyo, mama" kuwa kura, na kwa hesabu yake watu wa kwetu walikuwa wanakwenda wote, hata vilema wa miguu.

Aliyetutoa hapo ni Chefu Deo, Mrundi, msimamizi wetu, mwalimu wa zamani mwenye mdomo mchungu. Siku moja alisimama katikati ya meza akagombeza: "Muache kuuliza kama ataenda! Muulize siku ile nani atabaki na watoto. Muulize gari ni ya nani." Tukajaribu. Mtu aliyekwisha sema ndiyo, ukimwuliza nani atabaki na watoto, unasikia kimya, halafu: "Aa, watoto... hapo nitaona." Huyo haendi. Mpaka leo nikitaka kujua kama mgeni atakuja kweli, naulizia usafiri wake.

Kulikuwa na pasta aliyekataa kuhojiwa peke yake. "Andika sisi wote," akasema, "kanisa langu ni moja na mawazo yetu ni moja." Mhojaji anamweleza, yeye anaanza kutaja waumini, mmoja baada ya mwingine. Chefu Deo alikuwa analia kwa kicheko. Halafu mgombea mmoja akajitoa katikati ya wiki, na kwa siku kadhaa watu wakaendelea kumtaja, na mashine ikaendelea kumhesabia. Chefu Deo aliita hiyo kura ya marehemu. Tukacheka tena. Wakati ule tulikuwa bado tunalicheka neno hilo.

Sikilizeni jambo hili kama mnataka kazi hii. Mtu hai hujikanyaga. Leo anasema ana uhakika sana, awamu ijayo ana uhakika kiasi, ya tatu anauliza uchaguzi ni lini. Leo ana watoto wanne, kesho mdogo wa mkewe kahamia. Sauti yake leo ina mafua. Na nyuma ya kila simu iko nyumba: sufuria, televisheni, mtu anaita, mlango. Mimi, hicho ndicho nilichozoea kukisikia kabla ya majibu yenyewe.

Ilikuwa alasiri ya Februari, kwao bado asubuhi. Zamu yetu ya kukatiwa umeme ilikuwa imefika, jenereta inanguruma chini, feni zimesimama, jasho linatiririka. Mapazia yalikuwa yameshushwa kwa sababu ya jua. Nikaingia kwenye laini ya Nabintu.

Nabintu alikuwa mwanamke wa Bukavu, wa makamo, mpole, anapanga mtaa wa Sydenham na binti yake aliyekuwa shuleni. Jina lake la kazi lilikuwa Grace. Alikuwa msomaji mzuri kuliko wote, hakosei. Simu iliita muda mrefu hadi nikadhani mashine itaiacha. Kisha ikapokewa, na kabla Nabintu hajafungua kinywa, sauti ya mwanamume ikasema polepole: "Ni mimi, Byamungu. Niko hapa."

Nilimwona Nabintu mgongo wake ukinyooka. Nikasema moyoni, huyu amemeza nini? Mwishowe akasalimia, akaanza kusoma, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Yule akajibu yote. Atakwenda, kama kawaida. Atachukua karatasi ya upande fulani. Atamchagua fulani. Watoto wamekua, hawahitaji wa kubaki nao. Umri wake akautaja, na ulikuwa umri wa mtu wa rika langu.

Sauti ile ilikuwa ya kijana. Na nyuma yake hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na sufuria wala mtoto wala saa ya ukutani. Nilibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili nikasikia pumzi yake tu, na ya Nabintu.

Alipomaliza alivua hedifoni akaenda kwenye jiko letu dogo, pale nyuma, nami nikamfuata. Alikuwa ameshika sinki.

"Mama Tatu, umesikia ile sauti?"

"Nimesikia. Huyo kijana kadanganya umri."

"Hapana. Ule umri ni wa kaka yangu, kabisa. Na ile sauti ni ya kaka yangu." Akanigeukia. "Mais... lakini ni sauti yake ya wakati ule tulikuwa tunakimbia. Haijazeeka."

Ndipo nikaijua habari yake. Walitokea Kadutu, mtaa wa Bukavu, yeye msichana, Byamungu kaka yake wa pekee, kijana mtu mzima tayari na mke wake. Vita viliwatenganisha barabarani. Yeye alisukumwa kusini, Lubumbashi, mpaka Durban. Kuhusu kaka yake alisikia tu kwamba labda alivuka kwenda kambi za kwetu Kigoma, labda hakufika. Wengine wote nyumbani walikufa. Alikuwa ametafuta makanisani, kwa watu wa kambi, kwenye simu, kila mahali, miaka na miaka. Bukavu ukiita Byamungu sokoni wanageuka watu wengi. Alikuwa amempata Byamungu huyu na yule, na wote hawakuwa wake.

"Sasa si umwambie Chefu?" nikasema.

"Nikimwambia, wanamfuta. Namba sitaiona hata siku moja. Nikinyamaza, mashine itamupiga tena, na itaniletea mimi." Akafuta uso kwa kanga. "Na tena, Mama Tatu, kama si mutu?"

"Acha maneno hayo," nikamwambia. Nikamfungulia bomba la sinki anawe uso.

Awamu ya pili ilipofika, Nabintu alikuwa amekonda. Simu ikaita muda mrefu vilevile, ikapokewa. "Ni mimi, Byamungu. Niko hapa." Sauti ileile. Kimya kilekile nyuma. Tumbili mmoja alikuwa ametua dirishani kwetu, kwenye upenyo wa pazia, ananiangalia mdomoni kana kwamba naye anasikia. Nabintu akasoma, yule akajibu, na nikaanza kuhisi kwamba naweza kuyasema majibu yake kabla yake.

Nilikuwa na ruhusa ya kutoa rekodi. Nikatoa ile ya kwanza, nikaiweka sikio la kushoto, na ya pili sikio la kulia, nikaziwasha pamoja. Wallahi, vijana, zilikwenda sambamba. Maneno yaleyale. Palipokuwa na kituo, pana kituo. Kila mahali Nabintu alikuwa tofauti, ameharakisha, amekohoa, yule mtu alikuwa amesimama palepale. Nilivua hedifoni nikaiweka mezani na sikutaka kuigusa.

Na mashine ilimpenda! Kila mhojiwa alipewa daraja la uhakika wa kwenda kupiga kura, na huyo alipata la juu kabisa, kwa kuwa hakuyumba hata chembe. Chefu Deo akafurahi. "Wote wangekuwa kama huyu, tungelala usingizi."

"Chefu," nikamwambia, "huyu hajikanyagi."

Alinitazama. Nikamwekea zile rekodi mbili masikioni. Alisikiliza kidogo, akazivua, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kunywa maji. Hakuzungumzia tena faili lile, wala hakulifuta.

Jibu la swali lenu nalitoa hapa kabla sijalisahau. Utabiri wetu wa mchujo ule ulikosea. Tulisema huyu atapita bila wasiwasi, akapita mwingine, na waliompitisha ni hao walioamua mlangoni. Hao huwa hawapatikani kwenye simu, na ukiwapata hawajaamua. Wanaopatikana, wanaojibu kila awamu bila kuchoka, ndio tulioegemea. Tabiri za namna hii zinakuonyesha nani anajulikana na nani anapanda, na hapo zinafaa. Zikikwambia nani atasimama foleni ya mlango ulio wazi, zisikilize kwa sikio moja. Na mtaniuliza Nabintu alifukuzwa? Alifukuzwa. Mimi nilistaafu wiki hiyohiyo bila kuagwa. Sikujutia hata kidogo.

Sasa awamu ya tatu. Ilikuwa ya mwisho, siku ya kuamkia kura. Baada ya hapo mafaili yanafungwa na namba zinafutwa zote, tulikuwa tumeshatangaziwa. Nabintu alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Kama akijitaja na yule akawa Byamungu mwingine, amepoteza kazi bure na mtoto yuko shuleni. Kama asipojitaja, itabaki hivyo mpaka afe. Niliingia kwenye laini yake tangu mapema, nikasikia mashine ikipita watu wengine.

Ikaita muda mrefu.

"Ni mimi, Byamungu. Niko hapa."

Akasoma. Alisoma vizuri, polepole, hakutetemeka. Utakwenda? Kama kawaida. Karatasi gani? Ileile. Nani? Yuleyule. Siku ile nani atabaki na watoto? Watoto wamekua. Kisha lilibaki swali moja, na Nabintu hakulisoma.

Nilikuwa nimeweka kidole juu ya kitufe. Ndivyo sheria ilivyotaka. Mhojaji akitoka kwenye maswali, Jini anakata.

"Mimi si Grace," Nabintu akasema. "Mimi ni Nabintu. Mutoto wa Mama Furaha wa Kadutu."

Kidole changu nikakitoa, nikakikalia.

Kule hapakusikika kitu. Hata ile pumzi ilikata. Niliona Nabintu amefumba macho na midomo yake inakwenda, nadhani alikuwa anasali. Nami pia nilikuwa nasoma dua niliyoikumbuka. Kisha sauti ikasema neno moja, na kwa mara ya kwanza ilikuwa inatetemeka.

"Shangazi?"

Nabintu akafumbua macho.

"Shangazi, ni weye? Baba alisema utapiga."

"Baba yako iko wapi?" Nabintu akauliza. Akauliza tena, kwa sauti ya chini. "Iko wapi?"

"Baba hayuko, Shangazi. Alitutoka."

Yakamtoka yote, yule kijana, kwa haraka, hadi nikashindwa kufuata. Kwamba baba yake alipofika Marekani aliipeleka namba ile kwa kila mtu, makanisani, makambini, kwa kila msafiri. Kwamba alipokuwa mgonjwa aliwaambia simu isizimwe kamwe. Atapiga mwanamke wa Kiswahili, hatajua jina lingine ila la kaka yake, mkimtajia lingine atakata akaendelee kutafuta. Kwa hiyo apokee mtoto huyu wa kiume, ataje jina la baba. Na kifo kisisemwe kwa mtu ambaye hajajitaja mwenyewe, maana kwao msiba wa kaka hauambiwi mgeni kabla ya ndugu. Matanga yalikuwa hayajaondolewa mpaka siku ile. Hawawezi kuyaondoa na dada hajaambiwa. Simu ilikaa chumbani kwa mzee, mlango umefungwa, na kila ikilia kijana anakwenda, anafungua, anaketi kitandani kwake, anakuwa yeye.

"Mulipouliza maswali ya kura nilijibu vile angejibu," akasema. "Ningesema mengine ingekuwa kumusingizia baba. Nilikuwa nakungojea useme jina, Shangazi. Kila mara nilidhani ni weye. Halafu unasema Grace."

Ndipo Nabintu alipolia. Alilia kwa sauti, meza nzima ikageuka, na Chefu Deo akaja mpaka nyuma ya kiti changu akasimama, hakuniambia nikate. Mimi nilikuwa nalia pia, sioni aibu kuwaambia. Alikuwa amemsikia kaka yake mara tatu, na mara zote kaka yake alikuwa ameshazikwa.

Kijana alimwacha alie. Alipotulia kidogo akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuketi: "Sasa naweza kuacha, Shangazi? Kuitwa yeye?"

"Acha, mwanangu," Nabintu akasema. "Acha. Umefanya vizuri." Akapenga kamasi kwenye kitenge chake. "Na weye unaitwa nani?"

Nikasikia kitanda kikilia, nikasikia mlango ukifunguliwa, na kwa mara ya kwanza nikasikia nyumba: maji ya bomba, redio, mtu akicheka chumba cha pili.

"Pacifique," akasema, kwa wasiwasi, kana kwamba hana hakika kama bado ni lake.

Nabintu akamwomba alirudie.